Nyanya za nyumbani: upande kwa ndoo, gunia, chungu ama tairi? Ulinganisho kwa watu wa Nakuru, Kisumu na Western

Watu wengi wanaotaka nyanya zao wenyewe hawana shamba. Wako na balkoni, ama kibaraza, ama ile nafasi ndogo kati ya mlango na ukuta wa ploti, na kinachowakwamisha si mbegu, ni watapanda ndani ya nini. Mmoja anakwambia ndoo, mwingine anaapa kwa gunia, kuna yule ameona vyungu vimepangwa kando ya barabara akavipenda, na fundi wa pancha pale kona anapeana tairi kuukuu karibu bure. Zote nne zinaweza kukupea nyanya, hiyo sina shaka. Lakini hazifanani kwa maji, kwa joto, kwa uzito wala kwa magonjwa, na chombo kinachomfaa mtu wa Lanet pale Nakuru kinaweza kumtesa mtu wa Nyalenda pale Kisumu. Kwa hivyo nimezipima zote kwa mizani moja, alafu wewe uangalie nyumba yako na saa zako za kazi ndo uchague.

Kwanza, tunapima nini

Maji ndo ya kwanza kabisa. Nyanya ikishakuwa kubwa na kuanza kubeba, ndani ya kontena inakunywa lita moja hadi mbili kwa siku, na Kisumu kati ya Januari na Machi kabla mvua ianze inaweza kupita hapo. Na si kiasi tu, ni mpangilio. Ukinywesha leo, uache siku tatu, alafu umwage mtungi mzima kwa kuhurumia mmea, utaona matunda yameoza kitako, lile doa jeusi limebonyea pale chini ya nyanya. Wengi hukimbilia kuweka maganda ya mayai juu wamesikia ni kalsiamu, na kweli ni kalsiamu inakosekana pale kwa tunda, lakini mara nyingi udongo unayo tayari, kitu kinakosekana ni maji ya kuibeba kila siku kutoka kwa mizizi hadi juu, na hayo maganda yanachukua muda mrefu sana kuoza. Kwa hivyo kwa kila chombo jiulize: kinakauka haraka aje, na mimi nakuwanga nyumbani saa ngapi?

Pili ni joto. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru kama mita 1,850. Maua ya nyanya hushindwa kushika tunda usiku ukishuka chini ya nyuzi 13 hivi, na hushindwa pia mchana ukipanda zaidi ya nyuzi 32. Maana yake mtu wa Nakuru anasumbuliwa na usiku wa Julai, mtu wa Kisumu anasumbuliwa na mchana wa Februari, na ndoo ile ile nyeusi inamsaidia mmoja na kumuumiza mwingine.

Tatu, je, kinahamishika? Hii watu hawaifikiriangi na mimi naona ni kubwa. Tuko kwa ikweta kabisa, ukitoka Kisumu kuelekea Busia unaivuka pale Maseno, na kwa sababu hiyo jua la mchana halikai upande mmoja mwaka mzima. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba linaegemea kaskazini, kutoka hapo hadi Machi ingine linaegemea kusini. Balkoni inayoangalia kaskazini inaweza kuwa na jua tamu Juni alafu Disemba iwe kivuli siku nzima, na nyanya inataka angalau saa sita za jua la moja kwa moja. Kisha kuna mvua. Blaiti, ule ugonjwa unaochoma majani yanakuwa kama yamemwagiwa maji moto, na asubuhi ukigeuza jani unaona unga mweupe chini yake, inahitaji majani yakae na maji kwa saa kadhaa ndo iingie. Mmea ulio chini ya mabati wakati wa mvua hiyo nafasi haiipati kirahisi. Hii ndo faida kubwa ya kupanda kwa kontena kuliko shambani, na chombo kisichobebeka kinakunyima hiyo faida.

Nne, uzito. Lita 20 za udongo ulioshiba maji ni kilo 25 hadi 30. Kwa chini si kitu, kwa balkoni ya ghorofa ya tatu piga hesabu kabla ujaze, na uongee na keateka.

Tano, udongo na magonjwa, hasa mnyauko wa bakteria. Unajua vile mmea unakuwa mzima asubuhi, mchana unalegea ukiwa bado kijani, jioni unajaribu kuamka, siku chache baadaye umekufa? Kata shina karibu na udongo, lichovye kwa glasi ya maji safi bila kutikisa, ungoje dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwa ule mkato, ni mnyauko, na hakuna dawa ya kuuponya huo mmea. Unapenda udongo wa joto na unyevu na unakaa humo muda mrefu, kwa hivyo ni muhimu kujua chombo gani unaweza kukimwaga na kuanza upya na kipi huwezi.

Sita ni pesa na kitadumu muda gani. Bei sitaziandika kwa sababu soko la Kibuye pale Kisumu si sawa na la Wakulima pale Nakuru na zinabadilika kila wiki, nitasema tu kipi rahisi na kipi ghali.

Ndoo ya lita 20, ama mtungi uliokatwa juu

Kwa maji iko katikati. Plastiki haipumui pembeni, kwa hivyo maji yanatoka chini na juu tu, na udongo unakaa na unyevu kuliko gunia ama chungu. Mashimo ndo siri. Toboa matano ama sita, kila moja kama unene wa kidole kidogo, na usitoboe yote kwa kitako, toboa mengine pembeni karibu na chini, ndo hata ndoo ikikaa imeshikana na sakafu maji bado yanatoka. Kwa Kisumu wakati wa kiangazi unaweza kutoboa pembeni pekee, kama sentimita tatu juu ya kitako, hapo chini panabaki akiba ndogo ya maji mizizi inashuka kuyatafuta. Usifanye hivyo Kakamega mwezi wa Aprili, mizizi itaoza.

Kitu ingine, hizo kokoto watu wanawekanga chini ya ndoo ati maji yatoke vizuri hazisaidii. Maji yanasimama kwa udongo pale yanapokutana na kokoto hadi udongo ushibe kabisa ndo yashuke, kwa hivyo umepunguza udongo na umeinua matope karibu na mizizi. Kipande cha neti kuukuu juu ya mashimo kinatosha kuzuia udongo kutoroka.

Kwa joto inategemea rangi. Ndoo nyeusi iliyoegeshwa kwa ukuta unaoangalia magharibi Kisumu, shika pembeni yake saa tisa mchana uone kama mkono utakaa, na hapo ndani ndo mizizi iko. Tafuta nyeupe, ama ifunge na kipande cha gunia jeupe. Nakuru hiyo hiyo nyeusi ni rafiki yako, inakusanya joto la mchana na udongo hauamki ukiwa baridi sana.

Kuhamisha ndo inashinda zote, iko na mkono, mtu mmoja mwenye nguvu anaisogeza chini ya mabati mvua ikija. Uzito unajulikana, hizo kilo 25 hadi 30. Ugonjwa ukiingia unamwaga ndoo moja, unaiosha, unaipaka jiki, unaianika juani, zile zingine zinaendelea. Bei ni ya wastani, ukipata za rangi zilizotumika inashuka, lakini chukua zile za rangi ya maji na uzioshe hadi ngozi yote ya rangi itoke. Mtungi wa mafuta ya kupikia uoshe na maji moto na sabuni. Ndoo iliyobeba dawa ya shamba, tina ama oili ya gari usiguse, hata upewe bure. Ndoo nzuri itakusukuma misimu kadhaa kabla jua liipasue.

Kikwazo chake ni mmea mmoja kwa ndoo. Watu hupanda miwili mitatu juu miche ni midogo na ndoo inaonekana tupu, alafu kila mmoja unakonda. Mmoja, basi.

Inamfaa mtu wa balkoni, mtu wa kupanga anayehama, na yeyote anayeishi kwa mvua nyingi.

Gunia

Hapa naongelea yale magunia ya plastiki ya kufumwa, ya sukari, mahindi ama mbolea. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku tarehe 28 Agosti 2017 gunia ndo limebaki kontena la bei ya chini lenye unaweza kupata popote, na wamama wengi tayari wanalijua kwa sukuma wiki. Nyanya ni tofauti kidogo na sukuma lakini.

Kwa maji gunia linataka mtu wa karibu. Linapumua pande zote, na hiyo ni nzuri kwa mizizi juu ikifika ukingoni inakutana na hewa inaacha kuzunguka na inatoa vijimizizi vingine ndani, lakini upepo unaokausha nguo ndo huo huo unakausha gunia. Upande unaopigwa na jua la mchana unakauka kabla ya katikati. Ukijaza gunia refu, weka nguzo ya mawe madogo katikati kutoka chini hadi juu, unamwagia maji pale yanashuka hadi chini. Hapa mawe yana kazi, si kama kwa ndoo, kwa sababu shida ya gunia refu ni juu kushiba na chini kubaki kavu. Kwa nyanya hata hivyo huhitaji gunia refu, likunje hadi nusu, udongo wa kina cha goti hivi unatosha.

Kwa joto liko vizuri, hasa jeupe, halishiki joto kama plastiki nyeusi. Kwa uzito, sahau kulisogeza. Gunia la kilo 90 hata likijazwa nusu linapita kilo 50 likishiba maji, na ukilivuta linapasuka. Chagua mahali mara moja, na kwa hesabu ya jua niliyosema hapo juu, upande wa mashariki ama magharibi wa nyumba ni salama kuliko kaskazini ama kusini, juu huko jua linafika mwaka mzima. Mvua kubwa ikija huna pa kulipeleka, kwa hivyo utajenga kakibanda ka fito na karatasi ngumu ya plastiki ama uliweke tangu mwanzo chini ya ukingo wa mabati.

Lina raha yake, linabeba mimea miwili hadi mitatu ya zile nyanya fupi, na pembeni unaweza kutoboa vishimo ukaweka dania ama vitunguu vya majani. Fito zinasimama imara ndani yake kuliko kwa ndoo. Ila mmea mmoja ukipata mnyauko wale wengine wameshaupata, wako kwa udongo mmoja na maji mamoja. Na umri, jua linaumaliza ule uzi. Baada ya msimu ama miwili ukilishika linavunjika kama majani makavu na vipande vya plastiki vinabaki kwa udongo wako, kwa hivyo litoe kabla lifike hapo.

Linamfaa mwenye nafasi chini, mwenye pesa kidogo, anayetaka nyanya za familia na si mmea wa kuangalia, na kuna mtu nyumbani mchana.

Chungu cha udongo

Kanda ya ziwa ufinyanzi ni kazi ya wamama tangu zamani, na vyungu vizuri utavipata bila kutafuta sana. Kwa joto hakuna kinachokishinda. Maji yanapenya ukuta wa chungu polepole, yanakauka nje, na vile yanakauka yanachukua joto, ndo maana maji ya nyungu huwa baridi mchana wa jua kali. Mizizi inapata hiyo baridi pia. Kwa mtu wa Kisumu hii si kitu kidogo.

Bei ya hiyo baridi ni maji. Kile kinachopoza ndo hicho hicho kinakausha, kwa hivyo wakati wa kiangazi utanywesha asubuhi na jioni, na ukikosa siku moja mmea utakuonyesha. Kwa Nakuru naona chungu kinapoteza faida yake, usiku tayari ni baridi na chungu chenye unyevu kinazidisha.

Kina mambo mawili ya kuangalia dukani. Chungu cha kupikia ama cha maji kina shingo nyembamba na hakina shimo chini. Ukikileta nyumbani ukitoboe na msumari, uwezekano wa kupasuka ni mkubwa, afadhali kuongea na mfinyanzi atoboe kabla ya kuchoma na afanye mdomo mpana. Pili ni ukubwa. Chungu cha lita 20 ni ghali na kizito, vingi vinavyouzwa kwa maua ni vya lita tano ama kumi. Kwa lita tano usipande nyanya ya kawaida, utajiumiza roho bure. Kwa lita kumi panda zile nyanya ndogo za kuliwa kama matunda, zinafanya vizuri.

Kuhamisha inawezekana lakini kwa uangalifu, kikianguka ni mwisho. Ugonjwa ukiingia, ukuta wake unanyonya kila kitu, kusugua tu hakutoshi, kichemshie maji umwagie na ukianike juani siku nyingi. Kisipovunjika kitadumu miaka.

Alafu kuna matumizi mengine ya chungu ambayo nayapenda hata zaidi. Chukua kachungu kadogo kasikopakwa rangi, kasiko na shimo, ukafukie hadi shingoni katikati ya gunia ama tairi, ujaze maji na ufunike na kifuniko. Maji yanatoka polepole vile udongo unayavuta, na mizizi inakazunguka. Mtu anayetoka asubuhi akirudi jioni hiki kinamsaidia sana. Kifuniko usisahau, maji wazi ni mbu.

Kinamfaa mtu wa joto, aliye nyumbani, mwenye mimea michache na anayependa kibaraza chake kikae vizuri.

Tairi

Tairi ni bure ama karibu bure, haiozi, haipasuki, watoto wataikalia na bado itakuwa hapo. Kwa maji iko vizuri kuliko watu wanavyodhani kama imekaa juu ya ardhi, kwa sababu haina kitako na mizizi inashuka chini kutafuta yake, kwa hivyo ukikosa siku moja haitakufa. Ikiwa juu ya simiti ni hadithi ingine, maji yanatambaa sakafuni na kina ni kifupi mno kwa nyanya, itabidi upange mbili, moja juu ya ingine.

Huko kutokuwa na kitako ndo pia hatari yake. Kama ploti yenu ina historia ya mnyauko, bakteria watapanda kutoka ardhini hadi kwa udongo wako mzuri ulioununua. Kwa ndoo ungekuwa umejitenga nao, kwa tairi hujajitenga na chochote. Kabla uweke, uliza majirani nini kilipandwa hapo na kilikufa aje.

Joto, ni mpira mweusi, Kisumu inachemka. Ipake chokaa nyeupe nje, inapunguza. Nakuru joto hilo linakufaa.

Alafu mbu. Ule mdomo wa ndani wa tairi unashika maji ya mvua, na mbu wanazaana humo, hili si jambo la kupuuza. Jaza udongo hadi ndani ya mikunjo yote, na utoboe ama ukate upande wa chini maji yasisimame. Tairi ambazo bado hujatumia usiziache nje wazi zikingoja.

Kuna pia swali la kemikali. Mpira wa tairi una zinki na vitu vingine vya kiwandani, na vile tairi inazeeka na kumong'onyoka vinaanza kuingia kwa udongo. Wengi wamekula mboga za tairi na wanaendelea kupanda. Mimi nikiwa na chaguo lingine naweka maua kwa tairi na nyanya kwa kitu kingine, na kama tairi ndo uko nayo, chagua ambayo haijaanza kumenyeka na kutoa unga mweusi ukiigusa.

Inamfaa mwenye nafasi nyuma ya nyumba, juu ya ardhi isiyo na mnyauko, ambaye hana mpango wa kuhama.

Udongo, haraka haraka

Chombo chochote utakachochagua, usijaze udongo wa shamba peke yake, unashikana unakuwa tofali. Sehemu mbili udongo mzuri, moja mbolea ya boma iliyooza kabisa, moja kitu cha kufungua udongo usishikane, kama mchanga ama maganda ya mchele. Watu wa Kano na Nyando wenye ule udongo mweusi wa kunata wachanganye na maganda ya mchele, Ahero yako tele. Nakuru udongo wetu wa volkano tayari ni mwepesi na unapitisha maji haraka, kwa hivyo punguza mchanga, ongeza mbolea, na funika juu na majani makavu.

Udongo usitoe mahali palipokuwa na viazi, pilipili, biringanya wala managu. Managu, ama osuga, ni ukoo mmoja na nyanya na mnyauko unawapata wote, na watu hawashuku kabisa kwa sababu ni mboga ya kila siku. Viazi kutoka Molo ama Mau Narok navyo vinashiriki blaiti na nyanya, basi maganda na viazi vilivyooza usivirushe karibu na kontena zako. Na baada ya msimu, huo udongo upande kunde ama sukuma, usirudishe nyanya hapo hapo.

Mbolea ya dukani kidogo tu, kifuniko cha soda kimoja cha CAN kwa mmea, mbali na shina, mmea ukianza maua. Ukizidisha utapata kichaka kizuri cha majani bila nyanya.

Mbegu na chombo viende pamoja

Cal J na Rio Grande ni fupi, zinafika urefu fulani zinasimama na matunda yanakuja karibu pamoja, hizo ni za ndoo na gunia, na usizikate vichipukizi ovyo. Anna F1 na Money Maker zinapanda bila kusimama, zinataka fito ndefu ama kamba kutoka darini, vichipukizi vya kwapani uvitoe kila wiki, na chombo kisipungue lita 20, afadhali zaidi. Faida yake ni kuchuma kidogo kidogo kwa miezi, na kwa mtu wa sufuria ya kila jioni hiyo ni nzuri kuliko kupata zote wiki mbili. Balkoni iliyojificha bila upepo, gonga vikonyo vya maua taratibu na kidole saa nne asubuhi, poleni ianguke.

Sasa, kulingana na hali yako

Uko ghorofani Nakuru, Section 58 ama Pipeline, na unaenda kazini: ndoo nyeusi nne ama tano, Cal J, zikae karibu na ukuta zipate joto la usiku, na uzisogeze jua likibadilisha upande. Panda ili maua yasiangukie Juni na Julai.

Uko Kisumu ploti ya chini, Manyatta ama Mamboleo, na kuna mtu nyumbani mchana: gunia jeupe upande wa mashariki, lipate jua la asubuhi na likose lile kali la alasiri. Ukiwa na mimea miwili tu na unapenda uzuri, chungu kikubwa. Kama hakuna mtu mchana, ndoo nyeupe yenye mashimo ya pembeni, ama gunia lenye kachungu ka maji katikati.

Uko Kakamega, Bungoma ama Kitale ambako mvua haichezi: kitu cha kwanza si chombo, ni paa. Ndoo chini ya ukingo wa mabati, mashimo ya kutosha, na majani ya chini yanayogusa udongo uyatoe. Gunia pia linaenda likiwa chini ya paa.

Uko kwenu, kuna nafasi nyuma ya jikoni na hujawahi kuona nyanya zikinyauka hapo: tairi juu ya ardhi ama magunia, vyovyote, pesa yako iende kwa mbolea. Kama zimewahi kunyauka, hata mara moja, panda kwa ndoo na uiinue juu ya matofali isiguse chini.

Unapanga na hujui kama mwaka ujao utakuwa hapo: ndoo, na usinunue nyingi mara moja. Anza na mbili, uone jua la hiyo nyumba linafika wapi na maji ya mfereji hukatika siku gani, ndo uongeze.